Kutoka Dirishani hadi Mlangoni

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Muuguzi wa zahanati, fomu juu ya goti, hata hakuinua macho alipouliza.

"Mama, nipe namba ya simu ya mtu wako wa karibu."

Bi Opereta akaitaja papo hapo, bila kusitasita, kwa ile sauti yake ya kazini yenye kutua kidogo baada ya tarakimu ya pili. Muuguzi akaandika, kisha kalamu ikasimama.

"Mbona fupi hivi? Tarakimu tano tu?"

Hapo ndipo aliposikia mwenyewe alichokisema. Ilikuwa namba ya duka la ushonaji la dada yake. Laini ile ilikatwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na dada mwenyewe alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

"Nimechanganya," akasema, akacheka. Muuguzi naye akacheka. Bi Opereta akafungua pochi, akatoa simu yake ya mkononi na kuanza kuitafuta namba ya binti wa dada yake, kwa sababu kichwani haikuwapo.

Alirudi nyumbani akiirudia ile namba fupi kimoyomoyo. Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuchanganya mambo. Wiki mbili nyuma alikuta birika la chai ndani ya kabati la nguo, limekaa juu ya mashuka yaliyokunjwa vizuri. Kabla ya hapo alisimama ghorofa ya pili, ufunguo mkononi, akihangaika na mlango wa watu, mpaka mtoto wa ndani akauliza, "Nani?" Naye akashindwa kumjibu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, na alijua mambo haya huanza hivi. Aliwahi kuyaona yakianza, na kuyaona yakiishia chumbani kwake mwenyewe.

Jina la Opereta alilipata kazini, na kila mtu, wakiwamo waliolijua jina lake la kuzaliwa, alimwita hivyo. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya swichibodi, kwanza kwenye kituo cha simu cha mji, kisha, mitambo ilipojifunza kujiunganisha yenyewe, kwenye hospitali kubwa. Ilikuwa kazi ya kukaa. Saa mbili kasorobo anavaa visikilizio masikioni, anakaa. Jioni anavivua, anapanda basi, anakaa. Wenzake walimtania kwamba akikosekana siku moja, kiti chake kitaomba ruhusa ya ugonjwa. Yeye alicheka nao, kwani alijua sababu ya kukaa kwake: alikuwa na namba mia nne kichwani. Mtu akipiga na kusema tu, "Niunganishe na yule fundi bomba mwenye kigugumizi," mkono wake ulishafika.

Dada yake mkubwa alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa kushona, mwembamba, mdomo haufungi, miguu haitulii. Nguo za wateja alizipeleka mwenyewe kwa miguu hadi upande wa pili wa mji, kandambili zikipiga chini, ta, ta, ta, mpaka ukimsikia kwenye ngazi huhitaji kuuliza ni nani.

Alipofika miaka sitini na minne akaanza kupotewa na maneno. Siku moja alinyoosha mkono akasema, "Nipe ile... ile ya kupitisha uzi." Alikuwa akitafuta neno sindano. Fundi wa miaka arobaini. Walicheka siku ile, wote wawili, mpaka machozi.

Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka. Duka lilifungwa. Binti wa pekee wa Dada alikuwa akiendesha gari la kusambaza mikate katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, akiwa na watoto watatu na chumba kimoja. Basi Dada akaletwa kwa mdogo wake, ghorofa ya nne, chumba na jiko. Bi Opereta alikuwa bado kazini. Mara ya kwanza Dada alitoka akapatikana stendi ya mabasi. Mara ya pili alipatikana katikati ya barabara kuu, miguu mitupu, malori yakimpigia honi huku na huku, kitambaa begani, anasema anapeleka sare za shule na wateja wanamsubiri.

Jioni ile ile Bi Opereta alipitia duka la vifaa vya ujenzi akanunua kufuli.

Alimwachia chakula kilichofunikwa, maji kwenye jagi la plastiki ili asije akajikata, na redio. Saa moja na nusu asubuhi anafunga kwa nje. Saa kumi na moja jioni anafungua. Nitafanyaje? alijiuliza kila siku akishuka ngazi, na kila siku alipofika chini swali lilikuwa limekwisha.

Miezi ya mwanzo Dada alitembea humo humo ndani. Kutoka dirishani hadi mlangoni ni hatua kumi na moja. Anafika, anashika kitasa, anakizungusha, anasubiri kidogo, anageuka. Kutwa nzima. Kapeti la plastiki lililotandikwa chumbani lilikuwa na maua ya bluu. Baada ya muda maua yalifutika kwenye mstari mmoja tu, mwembamba, umenyooka kama njia ya mbuzi. Bi Opereta aliuona mstari huo ukikua. Kisha ukaacha kukua. Dada alianza kukaa. Na alipokaa, alidhoofika haraka: mapaja yakaisha, majina yakaisha, akasahau kumeza.

Katikati ya hayo yote Bi Opereta alistaafu. Angeweza kukitupa kile kipande cha chuma siku ile ile. Hakukitupa. Akienda sokoni, anafunga. Akishuka kwa jirani mara moja, anafunga. Siku nyingine alifunga kwa ndani wote wawili wakiwamo, ufunguo mfukoni mwa gauni.

"Kazi niliacha," alikuja kusema baadaye. "Kufuli sikuacha."

Baada ya mazishi alinunua zulia jekundu akalitandika juu ya ule mstari. Na ni tangu hapo alipoanza kusikia.

Ilikuwa mchana kweupe, mara nyingi saa nne asubuhi, wakati jengo limetulia, watoto wako shule na wakubwa wako kazini. Yuko jikoni anaosha vyombo, anasikia kandambili chumbani. Kutoka dirishani hadi mlangoni. Kimya kidogo, kama mtu ameshika kitasa. Halafu zinarudi. Akifunga bomba asikilize vizuri, hakuna kitu. Akifungua maji, zinaanza tena. Hakumwambia mtu. Alizoea kuwasha redio saa nne kasoro dakika tano, sauti juu kabisa, na majirani wakasema mama wa watu anapenda sana habari.

Sasa baada ya siku ile ya namba ya simu, alirudi zahanati peke yake, akaomba kumwona daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimpa maneno matano ayashike: kofia, mto, treni, pazia, chumvi. Wakaongea mengine, akamchoresha saa ya ukutani, akamhesabisha kurudi nyuma. Kisha akayaomba yale maneno. Bi Opereta alitoa mawili. Alikaa akiyasubiri mengine kama mtu anayesubiri laini ya mbali, na hayakuja.

"Huwa unatembea, mama?" daktari akauliza.

"Kwenda wapi?"

Daktari akatabasamu. "Si lazima uende mahali. Nataka dakika arobaini, karibu kila siku. Mwendo wa haraka kiasi kwamba kuongea unaweza, kuimba huwezi."

"Miguu na kichwa vinahusiana nini?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Ndani huku, usawa wa sikio, kuna kipande cha ubongo kama kidole chako kidogo. Ndicho kinachopokea mambo mapya na kuyatunza. Umri ukienda kinasinyaa kidogo kidogo, kwa kila mtu, hata mimi. Kuna watafiti waliowachukua watu wa rika lako. Wengine wakawatembeza mwaka mzima, wengine wakajinyoosha viungo tu. Waliotembea, kile kipande hakikusinyaa. Kiliongezeka kidogo. Moyo ukienda mbio damu inafika kule juu, na mwili wenyewe hutoa kitu kinachozilisha chembe za ubongo." Akaichukua kalamu tena. "Sitakudanganya. Tafiti nyingine hazikupata makubwa hivyo. Na kama ugonjwa wenyewe umeshaingia, kutembea hakuutoi. Lakini ningekuwa mimi, ningeanza kesho."

Bi Opereta alivuta pochi yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Na mtu ambaye ameshaanza kusahau, daktari. Yeye mwenyewe anataka kutembea. Akazuiwa."

"Akazuiwa vipi?"

"Akafungiwa ndani. Kwa usalama wake."

Daktari alimtazama. "Wengi wanafanya hivyo, mama. Kufungiwa hakukumletea ugonjwa."

"Sijauliza hivyo."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia. Daktari alisubiri mpaka ufagio ukasogea mbali.

"Hakukumsaidia," akasema.

Ghorofa ya tatu, chini hasa ya chumba cha Bi Opereta, aliishi mzee mjane aliyekuwa kinyozi tangu ujana, na vidole vyake bado vilikuwa vikikata hewa alipoongea. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alitoka kutembea: anauzunguka uwanja wa shule, anapita karakana ya mbao, anafika kwenye tangi kubwa la maji, anageuza. Bi Opereta alimvizia mlangoni.

"Nataka kwenda na wewe."

"Karibu sana, jirani. Ila mimi sibebi mtu."

Siku ya kwanza alifika karakana ya mbao akakaa juu ya magogo, moyo unataka kutoka mdomoni.

"Vipi, Opereta? Laini imekatika?"

"Inaita," akajibu akihema. "Haipokelewi."

Siku ya pili aliamka magoti yamevimba, akatamani kurudi kwenye kiti chake. Kinyozi akagonga. Siku ya tatu akagonga tena. Baada ya mwezi ni yeye aliyekuwa akigonga kwa Kinyozi. Mwezi wa tatu alifika kwenye tangi la maji na kurudi bila kukaa, na asubuhi moja, katikati ya mlima mdogo wa karibu na shule, alisimama akataja namba ya binti wa dada yake, tarakimu zote kumi, mfululizo. Kinyozi alipiga makofi peke yake barabarani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo daktari hakulisema. Kila moyo wake ulipoanza kwenda mbio, pale pale ambapo kuongea unaweza na kuimba huwezi, alisikia kandambili nyuma yake kwenye changarawe. Hazikuwa na haraka. Zilikuwa za mtu anayefuata bila kutaka kusumbua. Akigeuka, barabara tupu, vumbi lake mwenyewe linashuka. Akaongeza mwendo. Zikaongeza. Mara ya kwanza alikimbia kabisa, mwanamke wa karibu miaka sabini, na Kinyozi nyuma akipiga kelele, "Jirani, hatukukubaliana mbio!"

Aliacha kukimbia lakini kugeuka hakuacha. Kinyozi alivumilia wiki kadhaa.

"Unamsubiri nani?" akauliza asubuhi moja.

"Hakuna mtu."

Wakatembea kidogo. Kisha Kinyozi akasema, kama anayeendeleza mazungumzo mengine, "Yule dada yako alikuwa mtembeaji."

Bi Opereta akasimama. "Ulimwona wapi akitembea?"

"Sikumwona. Nilimsikia." Vidole vyake vikaanza kukata hewa. "Ule mwaka mgongo ulinilaza, miezi mingi, chali, natazama dari. Yeye yuko juu yangu. Kumi na moja, anatulia. Kumi na moja, anatulia. Nilikuwa namhesabia. Nisikufiche, alinifariji. Nilijiona siko peke yangu. Halafu zikawa chache. Siku moja nikasubiri mpaka adhuhuri, kimya. Nikasema, ah, afadhali, leo nitalala."

Lori la mbao likapita, wakalisubiri.

"Nilipopona nilikuwa napanda paani kuanika nguo," Kinyozi akaendelea. "Nilikiona kile kitu kwenye mlango wako. Ningeweza kukwambia, jirani, niachie ufunguo, nitamtembeza. Nilikuwa sina kazi, nilikuwa nahitaji kutembea mwenyewe. Kila siku niliazimia nitakwambia jioni."

"Ungesema, nisingekupa."

"Labda."

"Nisingekupa," akarudia. Hakuwa na uhakika. Walirudi nyumbani bila mzaha, na kwenye ngazi kila mmoja akaangalia vidato.

Jumamosi hiyo alimpigia binti wa dada yake, bila kuangalia namba popote, akamwomba aje. Alikuja Jumapili, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mikono ya usukani, nguo zina harufu ya mkate.

"Mama mdogo, kuna nini? Unaumwa?"

"Kaa kwanza. Hapana, usikae. Nisaidie hapa."

Wakalikunja lile zulia jekundu pamoja. Mstari ulikuwa pale, umenyooka, mweupe kati ya maua ya bluu.

"Huu ameuchora mama yako," Bi Opereta akasema. Akaeleza yote. Alieleza kwa sauti ile ya kazini, tulivu, yenye kutua, kwa kuwa sauti nyingine yoyote ingemkatikia. Alieleza barabara kuu na malori, duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi na jioni, kitasa. Alieleza pia ile miaka ya baada ya kustaafu, ambayo haikuwa na sababu.

Binti alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mstari, akakiacha hapo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Aliniambia. Kila Jumapili ulikuwa unampa simu aongee na mimi, wewe unaenda jikoni. Ukitoka tu ananinong'oneza. 'Mwanangu, nimefungiwa. Niletee ufunguo.' Mimi nikajisemea, ni ugonjwa unaongea. Si alikuwa ananiambia pia baba amekuja kula, na baba amekufa mimi niko darasa la pili?" Alifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Nikawa namjibu, sawa mama, nitauleta. Kila Jumapili, sawa mama, nitauleta."

Bi Opereta alijishusha sakafuni karibu naye, taratibu, mkono mmoja kwenye kitanda. Walikaa pale mpaka jua likahama chumbani. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, wala hakuna aliyeutoa. Walipoinuka zulia lilibaki limekunjwa ukutani, na kesho yake Bi Opereta akamgawia mtu.

Kandambili hazikukoma. Angependa kusema zilikoma, kwani ndivyo watu wanavyotaka kusikia, lakini hakuwa mwongo. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kuwasha redio. Na barabarani, zikimfikia nyuma, alipunguza mwendo.

"Vipi tena?" Kinyozi akauliza mara ya kwanza.

"Tunamsubiri Dada."

Kinyozi hakumwangalia kwa mshangao wala hakucheka. Alisimama, akavua kofia, akaikung'uta vumbi polepole, kwa muda unaomtosha mwanamke mzee kufika. Kisha wakaendelea.

Mwaka ulipotimia, daktari alimpa maneno mengine matano. Binti alikuwa amechukua likizo, akakaa kwenye kiti cha pembeni, vidole vimefungamana. Safari hii Bi Opereta alitoa manne. La tano lilikataa. Alilitafuta huku na huku, akalisikia kabisa limesimama upande wa pili, halikuingia.

"Mwaka jana mawili, leo manne," daktari akasema. "Nimefurahi, mama. Ya mwakani siwezi kukuahidi."

"Sijaomba ahadi."

"Endelea kutembea."

Walipotoka, Binti akataka kutafuta gari. Bi Opereta akakataa, wakaenda kwa miguu. Binti, aliyekaa nyuma ya usukani maisha yake yote, alianza kuhema kabla hawajamaliza ukuta wa zahanati.

"Nina neno," Bi Opereta akasema. "Siku nikianza kupotea kweli kweli, usinifungie. Nitembeze. Au tafuta mtu anitembeze."

Walipita duka la vioo, wakajiona wote wawili, wamekonda na kunenepa kwenye vioo tofauti.

"Nitajitahidi," Binti akasema.

"Jitahidi."

"Na nikishindwa, mama mdogo? Nikiwa kazini? Ukitoka ukaenda barabara kuu?"

Bi Opereta alifungua mdomo. Alijua hasa jinsi mtu mwema anavyofika kwenye kaunta ya duka, anavyochagua, anavyojaribisha ufunguo mara mbili. Hakuna mtu mjini aliyejua zaidi yake. Akaufunga mdomo.

"Sijui," Binti akasema. "Kweli kabisa sijui."

"Vizuri," akasema yeye, na akamshika mkono. Kama angeahidiwa, angeogopa zaidi.

Wakafika mahali ambapo Bi Opereta hakuwa akipita na Kinyozi, barabara zinagawanyika kwenye kituo cha mafuta, zote mbili zina vumbi, zote zina maduka yaliyofanana. Akasimama. Jua lilikuwa kali. Aliangalia upande mmoja, akaangalia wa pili, na uso wake ukawa ule ambao Binti aliwahi kuuona kwa mtu mwingine. Binti aliijua njia. Alikaza midomo, akangoja, na hata kuhema akajizuia.

Ilichukua muda mrefu. Pikipiki mbili zilijaza mafuta zikaondoka.

"Kulia," Bi Opereta akasema.

Na ilikuwa kulia.